Kiu Katikati ya London

Mpendwa mama, ukisikia jina la London unafikiri nini? Pengine unaona mvua, koti zito na mwavuli mweusi. Ndivyo tulivyofikiri na sisi tulipofunga mizigo yetu mwezi Julai 2019. Tulikuwa akina mama watatu wa usharika mmoja: Mama Mchungaji, mwenzetu mmoja mwalimu mstaafu, na mwandishi wa ukurasa huu. Tulibeba masweta, tukabeba soksi za sufu, tukabeba na vitenge vya kujifunika mabegani. Hatukubeba hata chupa moja ya maji. Nani anabeba maji kwenda nchi ya mvua?

Tulikwenda kwa binti wa mwalimu, ambaye ni muuguzi na ameolewa huko. Ana mtoto wa kiume, wakati ule wa miaka mitatu, na alihitaji mkono wa kumsaidia kulea siku za zamu zake. Ndizo safari zetu akina mama. Hata tukipanda ndege, tunakwenda kulea.

Wiki ya pili likaingia joto. Tarehe 25 Julai 2019, katika mji wa Cambridge ulio kaskazini ya London, vilipimwa vipimo vya nyuzi 38.7 za Sentigredi. Uingereza ilikuwa haijapata kupima joto kama hilo kabla ya siku ile. Utasema, "Aa, sisi wa pwani tunalijua joto." Ni kweli, lakini kwetu kuna baraza, kuna mwembe, kuna upepo wa jioni. Nyumba za kule zimejengwa ili joto lisitoke, na barabara zake hazina kivuli.

Siku hiyohiyo ndiyo tuliyochagua kwenda mjini kununua zawadi.

MTOTO ALIPONYAMAZA

Tulishuka basi Oxford Street, barabara ya maduka, tukimsukuma mtoto katika kigari chake. Binti alikuwa ametuachia kadi za basi na pauni kumi. Ilipofika saa sita pauni zile zilikuwa zimekwisha. Tukiri kosa: mwandishi wa ukurasa huu ndiye aliyezimaliza kwa kununua visahani vyenye picha ya Malkia. Zilibaki senti kidogo mkononi.

Chupa ya mtoto ilikuwa imekauka tangu saa tano. Akaanza, "Bibi, maji." Bibi yake akamwambia, "Ngoja kidogo, mume wangu." Tukaingia duka la kwanza. Chupa ndogo ya maji, ile ambayo mtu mzima anaimaliza kwa mafunda manne, ilikuwa zaidi ya pauni moja, yaani karibu shilingi elfu tatu za Tanzania. Hatukuwa nazo. Tukaingia mkahawa mmoja kuomba maji ya bomba. Kijana aliyekuwa akihudumia alitujibu kwa adabu kwamba maji ni ya wateja. Mama Mchungaji akamwambia kwa Kiingereza chake cha shuleni, "Mwanangu, ni mtoto huyu." Kijana akamtazama mkubwa wake aliyekuwa nyuma ya kaunta, kisha akatikisa kichwa. Hatumlaumu sana. Naye ni mwajiriwa.

Tukaendelea kutembea. "Bibi, maji. Bibi, maji." Halafu mtoto akanyamaza.

Wewe uliyelea unajua. Mtoto anayelilia maji bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kukimbiliwa. Bibi yake alipiga magoti kwenye lami ya moto, akamgusa paji la uso, akamtazama midomo. Ilikuwa imekauka kama karatasi. Akashika chupi yake: kavu tangu asubuhi. Macho yalikuwa yakitutazama, lakini hayakuwa na habari na sisi. Mwalimu, ambaye katika miaka yake yote ya kufundisha hatukupata kumwona akitetemeka, alitetemeka mikono.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja mfagiaji wa barabara. Hakusubiri tumweleze. Alitazama kigari, akanyoosha ufagio kuelekea mitaa ya nyuma, upande wa Carnaby Street, akasema kuna bomba la maji ya kunywa huko, la bure. Tulikimbia, vitenge vikipepea, watu wakitupisha. Bomba lilikuwepo. Ni nguzo fupi tu yenye kitufe. Unaweka chupa chini ya mdomo wake, unabonyeza, maji yanatoka. Tulikuwa tumelipita umbali wa mtaa mmoja tu muda mfupi kabla, tusijue.

"Kidogo kidogo, mume wangu. Kidogo kidogo." Bibi alimpa kwa kifuniko cha chupa, kama anavyopewa mtoto mwenye kuharisha. Alimlowesha kichwa, shingo na makwapa. Ilipita kama robo saa. Kisha mtoto akafumbua macho sawasawa, akatutazama sote watatu, akauliza kama kuna biskuti.

Mwalimu akacheka. Mama Mchungaji ndiye aliyelia. Alikaa ukingoni mwa barabara akasema, "Leo nimemwelewa Hajiri." Unaikumbuka habari yake katika Mwanzo sura ya 21: maji ya kiriba yamekwisha, naye anakaa mbali ili asimwone mwanawe akifa. Tumeisoma mara nyingi katika vipindi vyetu vya Jumatano. Hatukuwahi kuisoma tukiwa na mtoto mikononi.

PAMPU ISIYO NA MPINI

Jioni binti aliporudi kazini tulimwambia yote. Hatukumficha. Alimkagua mwanawe, akaona yu mzima, ndipo akakaa. "Mama," akasema, "mnajua mlikuwa wapi? Mlikuwa dakika chache tu kutoka pampu ya Broad Street. Sisi tuliosomea afya tunafundishwa habari yake." Jumamosi alipopumzika akatupeleka, safari hii kila mtu na chupa yake begani.

Mtaa huo leo unaitwa Broadwick Street. Ni mtaa wa mikahawa na vijana. Kando ya barabara imesimama pampu ya zamani ya mkono, ni nakala tu, nayo haina mpini. Hapo ndipo palipotokea msiba wa mwaka 1854.

Katika miaka ile watu wa London walichota maji kwenye visima na pampu za mitaani, au walinunua kwa makampuni. Mto Thames ulibeba uchafu wa mji mzima. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuja mara kadhaa, na madaktari wengi waliamini kwamba kinaletwa na hewa mbaya. Mwishoni mwa Agosti 1854 kiliangukia mtaa huu. Katika majuma machache walikufa watu zaidi ya 600.

Daktari mmoja, John Snow, hakukubali habari ya hewa. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza jambo moja: mlichota maji wapi? Aliona kwamba vifo vimeizunguka pampu ya Broad Street. Alikuta kiwanda cha bia jirani kabisa chenye wafanyakazi zaidi ya 70, nacho hakikupata kifo hata kimoja, kwa sababu walikunywa bia na walikuwa na kisima chao. Alisikia pia habari za mjane mmoja, Susannah Eley, aliyehamia Hampstead, mbali na hapo. Mama huyo aliipenda ladha ya maji ya mtaa wake wa zamani, hata akaletewa chupa yake. Alikunywa, akafa, na mpwa wake aliyeyanywa alikufa pia. Tarehe 8 Septemba 1854 wakuu wa mtaa waliuondoa mpini wa pampu.

Lakini uchafu uliingiaje kisimani? Jibu halikupatikana na daktari. Lilipatikana na kasisi msaidizi wa kanisa la St Luke's, Henry Whitehead, kijana aliyekuwa akizika wafu wa mtaa huo. Mwanzo hakumwamini Snow, na aliyaanza maswali yake ili amwonyeshe kwamba amekosea. Lakini alikuwa akiingia kila nyumba, akiwajua watu kwa majina, na hatimaye alifika kwa mama aitwaye Sarah Lewis, aliyekaa nyumba namba 40, mbele ya pampu. Mama huyu alikuwa na mtoto mchanga, Frances, aliyeharisha siku za mwisho za Agosti na kufariki. Mama alifua nepi katika ndoo, na maji yake akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Walipofukua waliona kuta za shimo zimeoza, na kati yake na kisima haikufika mita moja.

Tulisimama kimya pale. Sarah Lewis hakufanya kosa. Alifanya lile ambalo kila mmoja wetu amelifanya, usiku, akiwa na mtoto mgonjwa. Mumewe, aliyekuwa askari polisi, alikufa pia mwezi huo wa Septemba. Mama mmoja akafua nepi, na mtaa mzima ukaingia msibani, kwa sababu hapakuwa na aliyekabidhiwa kukiangalia kisima kile.

Karibu na pampu kuna baa yenye jina la John Snow. Binti akatuambia kwamba Snow mwenyewe alikuwa mtu wa kupinga ulevi. Mama Mchungaji alicheka hadi akashika ukuta.

KIKOMBE CHENYE MNYORORO

Sasa fikiri, mama. Maji ya mtaani yanaua, na watu wamekwisha kulijua hilo. Mchukuzi ana kiu, mwanafunzi ana kiu, mama mwenye mzigo ana kiu. Watakunywa nini? Bia ilikuwa kila kona, na haikuwaletea kipindupindu. Ndivyo mshahara wa Jumamosi ulivyoishia baani kabla haujafika nyumbani. Kwa hiyo walitokea Wakristo waliosema: haitoshi kumhubiria mtu aache bia kama hatumpi maji.

Liverpool walitangulia. Mfanyabiashara Charles Pierre Melly aliweka bomba la kunywea la bure huko mwaka 1854. London ilifuata miaka mitano baadaye, na bomba lake la kwanza bado lipo. Binti alitupeleka kwa basi mpaka Holborn Viaduct. Pale kwenye pembe ya barabara kuna kanisa la St Sepulchre, na katika uzio wake wa vyuma limejengwa bomba lile, la mawe, dogo kuliko tulivyotazamia. Lina vikombe viwili vya chuma vilivyofungwa kwa minyororo, na maneno yaliyochongwa yanayomwomba mnywaji arudishe kikombe.

Lilifunguliwa tarehe 21 Aprili 1859. Binti wa Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye aliyelifungua. Aliyelitoa ni mbunge Samuel Gurney, ambaye pamoja na mwanasheria Edward Thomas Wakefield walianzisha chama cha kujenga mabomba ya bure. Katika siku zake za mwanzo inasemekana walikunywa hapo watu kama 7,000 kwa siku moja. Daraja la barabara lilipojengwa, mwaka 1867 bomba likaondolewa, na mwaka 1913 likarudishwa kanisani.

Ng'ambo ya barabara kuna jumba la mahakama la Old Bailey. Lilijengwa mahali lilipokuwa gereza la Newgate. Wengi wenu mmewahi kusikia habari za Elizabeth Fry, yule mama Mkristo wa kanisa la Marafiki, yaani Quaker, aliyeingia Newgate mwaka 1813 akawakuta wanawake na watoto wao wamelala chini bila nguo za kutosha. Alikuwa mama wa watoto 11. Huyo Samuel Gurney alikuwa mtoto wa ndugu yake. Shangazi aliwafuata wafungwa ndani ya kuta, na mpwa wake akaja kuweka maji upande wa pili wa barabara hiyohiyo. Tulitafakari sana juu ya jambo hilo. Watoto wa ndugu zetu wanatutazama tunayoyafanya, hata tusipowaambia neno.

Baada ya bomba hilo yalifuata mamia. Tajiri mmoja mwanamke, Angela Burdett-Coutts, alijenga lake katika bustani ya Victoria Park mwaka 1862 kwa pauni zaidi ya 5,000, ili watu maskini wa mashariki ya mji wapate kunywa. Katika bustani ya Regent's Park kuna lililotolewa mwaka 1869 na Cowasjee Jehangir Readymoney, mtu wa Bombay, India. Mwaka 1867 chama kiliongeza mabirika ya kunyweshea ng'ombe na farasi katika kazi yake, hata jina lake likabadilishwa. Punda wa mchuuzi naye alikumbukwa.

KWA NINI YALIKAUKA

Basi swali letu lilikuwa hili: kama mji huu ulijengewa mabomba mamia, ilikuwaje tukose maji mwaka 2019?

Sababu ni nyingi, na tunadhani hata kwetu zipo. Kwanza, maji yaliingia majumbani, watu wakasema ya barabarani hayana kazi tena. Pili, watu waliogopa kikombe cha pamoja, na waliogopa kwa haki, maana magonjwa hupita hapo. Huko Marekani, Daktari Samuel Crumbine alilipigania jambo hilo, na mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku vikombe vya pamoja. Ndipo yakaenea mabomba yanayorusha maji juu, mtu anywe bila kikombe. Tatu, yakaja maji ya chupa, na yule aliyekuwa akinywa bure akawa mteja.

Lakini sababu kubwa ni ya nne. Kutoa bomba kuna sherehe, kuna hotuba, kuna jina la mtoaji juu ya jiwe. Kulitunza hakuna sherehe. Mwaka wa kwanza kila mtu anakumbuka. Mwaka wa ishirini mpira wa bomba umechakaa, na kila ofisi inasema si kazi yake. Huko London tuliyaona mabomba mazuri ya mawe, yenye nguzo na mapambo, yamekauka kabisa, mengine yamegeuzwa vyungu vya maua.

Mwaka 2018 Meya wa London, Sadiq Khan, alianza mpango wa kuweka mabomba mapya, akishirikiana na Zoological Society of London, chama kinachotunza bustani ya wanyama. Usishangae kwamba watu wa wanyama wanajishughulisha na maji ya kunywa. Walichoka na chupa za plastiki zinazoishia baharini. Mabomba ya kwanza ya mpango huo yaliwekwa mitaa ileile ya Carnaby. Kama tungalifika miaka miwili kabla, sijui tungaliandika habari gani leo.

Pia tulijifunza neno ambalo laiti tungalijua siku ile. Tangu mwaka 2010 sheria ya Uingereza na Wales inazitaka baa na mikahawa yenye leseni ya kuuza pombe imletee mteja wake maji ya bomba bure akiyaomba. Yaani baa, adui wa yale mabomba ya zamani, leo inadaiwa maji. Lakini hata hapo sheria inamtaja mteja. Mpita njia asiye na senti bado anahitaji bomba lake.

TULIYOYAONA KWA MACHO YA MAMA

Siku zilizobaki, kila tulipokwenda tulitazama mabomba. Mume angetazama usanifu wake. Sisi tulitazama mambo mengine, na tunayaandika hapa ili yakufae.

Tulitazama kimo. Mabomba mengine yana midomo miwili, mmoja juu na mmoja chini, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wafikie. Mengine ni marefu, lazima umwinue mtoto kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi atafanyaje?

Tulitazama alama. Bomba lililotuokoa tulikuwa tumekaribia kulipita. Maji yasiyo na kibao ni kama hayapo kwa mgeni, na mwenye kiu mara nyingi ni mgeni.

Tulitazama usafi. Mtu hanywi mahali palipo na utelezi wa kijani, hata kama maji yenyewe ni safi.

Na tulitazama choo. Jambo hili wanaume hawalijui, nasi kwa aibu hatulisemi. Wangapi kati yetu tukienda mjini tunajinyima maji tangu asubuhi ili tusije tukatafuta choo? Mjamzito anajinyima. Anayenyonyesha anajinyima, na maziwa yanapungua. Mama wa sokoni anajinyima mpaka jioni, kisha anapata maumivu ya mkojo na anayaficha. Mji unaompa mama bomba bila choo umempa nusu tu.

TULIPORUDI NYUMBANI

Kanisa letu liko kando ya barabara, karibu na stendi. Kila siku wanapita hapo watoto wa shule, akina mama wanaotoka kliniki, na wachuuzi. Tulirudi na moto, tukasema tutaweka maji. Kabla hatujapanga vizuri ukaingia mwaka 2020 na UVIKO-19. Huko London mabomba mengi ya umma yalifungwa kwa hofu. Kwetu zilikuja ndoo za kunawia mikono, kila mlango, kila duka, kila kanisa. Unazikumbuka. Ziko wapi leo? Ya kwetu moja tuliikuta jikoni imehifadhi unga wa sherehe. Nyingine ilikuwa imepasuka mfuniko, ndani yake mna mbu.

Mara ya kwanza tulipoweka maji ya kunywa langoni, tuliweka ndoo ya lita 20 yenye bomba, na bilauri sita. Tuliomba, tukaimba, tukapiga picha. Wiki ya tatu zilibaki bilauri mbili, watoto walikuwa wakinawia miguu, na ndoo ilikuwa na utelezi. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kikaoni akauliza kama akina mama wanataka kuligeuza kanisa kisima. Mtunza hazina akaleta ankara ya maji. Tuliona aibu, tukaondoa ndoo.

Ni mwalimu aliyetuamsha. Alisema, "Tumefanya kama wale wa London. Tumeweka jiwe, tumeondoka." Tukaanza upya bila sherehe. Safari hii kila jumuiya ilipewa wiki yake. Mwenye zamu anaosha ndoo kwa sabuni kila asubuhi, ndani na nje, na bomba lake. Maji yanachemshwa usiku na kupozwa katika chombo chenye mfuniko, au yanatiwa dawa ya kutibu maji kama pakiti inavyoagiza. Bilauri ni za chuma, zinaoshwa kila zinapotumika, na beseni la kuoshea liko palepale. Mwenye chupa yake anajaza chupa. Ndoo ya kunawia imewekwa mbali na ya kunywa, na kila moja imeandikwa kwa rangi. Kibao kinatazama barabara. Daftari linawekwa sahihi. Ankara tunaichangia kidogo kidogo kila Jumatano. Na ufunguo wa choo cha kanisa unakaa kwa mwenye zamu.

Zipo wiki ambazo jumuiya fulani hulegea, na ndoo hukauka hadi mchana. Basi aliye jirani anapigiwa simu. Hatujashinda, tunaendelea tu. Siku moja alikuja mama mjamzito akitokea kliniki, amevimba miguu. Alikunywa bilauri tatu mfululizo, akaomba choo, kisha akakaa kivulini kama nusu saa. Hakusema neno zaidi ya "Ahsanteni." Yule mzee wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Jumapili iliyofuata alileta bilauri kumi na mbili.

Bwana Yesu aliahidi kwamba kikombe cha maji ya baridi kilichotolewa kwa mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu yake. Tumejifunza kwamba kikombe hicho kinahitaji kuoshwa.

Mpendwa mama, kanisa lenu liko kando ya barabara? Duka lako liko karibu na shule? Usianze kwa kununua ndoo. Kaa na wenzako watano, uwaulize kwanza: nani atakuwa na zamu Jumatatu ya mwezi wa nne, sherehe ikiwa imesahauliwa? Mkipata jina, andikeni. Kisha mtuandikie na sisi, mtueleze mlikokwama na mlivyojinasua.